Waya Uliofungwa Kama Kamba ya Mbuzi

Mi shule niliacha mapema, kwa hiyo ukikuta maneno yamepinda, yanyoshe mwenyewe. Kazi yangu ni redio za zamani, zile zenye taa za kioo ndani, ambazo ukiwasha unangoja zipate moto ndipo ziseme. Tulikuwa mafundi wawili, mi na mwenzangu, meza moja sokoni. Soko lilipoungua tukahamia barazani kwangu. Mwenzangu tulimzika wakati wa mvua. Kigoda chake bado kipo. Paka wa jirani analala pale, simfukuzi.

Basi mama mmoja wa mtaa wa Nyakabiga, muuguzi mstaafu, akaniletea redio ya marehemu mumewe. Anataka kuchomeka simu nyuma yake, asikilize kwaya. Ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikamwambia hiyo ni kondansateri, kidude kinachotunza umeme na kuutuliza. Kikizeeka kinavuja, halafu kinaunguza na wenzake. Dawa ni kukibadilisha.

Nikaifungua. Kwanza nikagusisha turunevisi, yaani bisibisi, kumaliza umeme uliobaki, maana redio hizi zinauma hata zikiwa zimechomolewa. Kidole changu kinajua. Ndipo nikauona waya wa ile kondansateri. Umezungushwa, ukazungushwa tena, ukabanwa, halafu ukalehemiwa.

Mutu mmoja tu mjini alikuwa anafunga hivyo: mwenzangu. Tuligombana maisha yetu yote kwa jambo hilo. Mi nilikuwa nagusisha waya, tone moja la risasi, basi. Nilimwambia anafunga kama mwizi wa mbuzi, anayeogopa mbuzi atarudi kwao. Yeye akanijibu bila kuinua macho: "Na we unalehemu kama mutu anafukuzwa na nyuki."

Ningeweza kukata waya juu ya fundo, nikaunga kipya kwenye kisiki cha waya. Fundo lake lingebaki mle ndani, na mama asingejua. Lakini kisiki kinachezacheza redio ikibebwa, na mwenzangu alikuwa anakiita uvivu. Nikasema apana. Nikayeyusha risasi, nikaanza kuufungua waya kwa koleo, polepole, hata chai ikapoa. Nikawa namtukana kama zamani. Halafu nikangoja zamu yake ya kunijibu. Paka akaniangalia.

Kondansateri mpya nikataka kuifunga vilevile. Ikanishinda, nikarudia mpaka ikashika. Sikuwahi kujifunza, nilikuwa nacheka tu.

Mama akaja kuichukua. "Mzee, kidude kimoja siku nzima?"

"Nilikuwa na mugeni," nikamwambia.

Akatazama kigoda, akamwona paka, akachomeka simu yake. Redio ikapata moto, kwaya ikatoka safi, bila ngurumo. Akaipakata kama mutoto, akaenda zake.

Fundi atakayeifungua tena atanitukana kwa fundo lile. Nimejaribu kufikiri ni nani. Nimezunguka mji mzima kichwani, kuanzia Rohero mpaka kwenye viwanda kule bandarini. Simpati.