Bariyeri Yangu ya Ngagara

Katika mtaa wetu wa Ngagara, Bujumbura, mfuniko wa zege wa mtaro uliopita chini ya barabara ulivunjika, likabaki shimo la kumeza mtu mzima. Tulikwenda kuripoti. Tukaambiwa nchi iko vitani na sisi tunaleta habari za shimo. Basi tukalizoea, tukawa tunalipita kwa adabu kama mbwa mkali wa jirani.

Mke wangu ndiye hakulizoea. Alikuwa karibu kujifungua, na tumbo lilimfichia miguu yake mwenyewe. Akaniambia, "Baba watoto, nikianguka mule, huyu utamuzaa we mwenyewe."

Mimi, msomi mwenye miwani, mtumishi wa serikali, kichwa kikavimba. Nikakata matawi ya mkaratusi, nikayalaza barabarani mbele ya shimo, nikaongeza mawe, na juu yake nikafunga kitambaa chekundu nilichokichomoa bila ruhusa kwenye nguo ambazo mke wangu alimwandalia mtoto. Mimi nikifanya jambo, silifanyi nusu.

Mtu yeyote mwenye akili zake angejua matawi na mawe barabarani Bujumbura ya wakati ule maana yake nini. Vijana wa makundi ya vita walifunga njia namna hiyo hiyo, bariyeri za kukagua vitambulisho, na aliyesimamishwa hapo hakuwa na hakika ya kufika kwake. Mimi nilikuwa nimewaza shimo tu.

Nikasimama getini kuonja matunda ya kazi yangu. Mwenye baiskeli alishuka, akainua kitambulisho chake juu, akangoja. Hakutokea mtu. Akageuza, akakanyaga pedali kama anayefukuzwa. Nikasema moyoni, huyu naye ana nidhamu ya barabara! Basi dogo likarudi kinyumenyume mtaa mzima. Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Nikaingia ndani nikijisifu kwamba nimeleta utulivu.

Kesho yake mchana uchungu ukamshika mke wangu. Nikakimbilia barabara kuu kutafuta teksi. Dereva alikubali, mpaka nilipotaja mtaa.

"Apana, papa. Kule iko bariyeri tangu jana. Wale vijana ni wabaya, wameweka hata kitambaa nyekundu."

"Hakuna vijana! Ile bariyeri ni mimi niliweka!"

Sijawahi kuona teksi ikiondoka kwa kasi ile.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nchi nzima watu walikuwa wakifungiana njia, na mimi mjuaji nilikuwa nimemfungia mwanangu. Nilirudi mbio nikilia wazi wazi, nikayaburuta matawi na mawe, nikayatupa mtaroni pamoja na kitambaa chake, nikakimbia tena. Dereva wa pili alichungulia, akaona njia nyeupe, akakubali. Kwa furaha nikasahau kumtajia shimo. Gurudumu la mbele likazama lote.

Mke wangu alikuwa ameshikilia geti, anagumia. Nikapiga kelele. Dirisha la jirani yetu, mama wa Uvira aliyeuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, likafunguka kidogo.

"Wale watu ya bariyeri wameenda?"

"Mama, ni mimi niliweka! Njoo utusaidie!"

Akachungulia vizuri, akauliza, "We? Na hiyo miwani yako?"

Akaangua kicheko, na kicheko chake ndicho kilichofungua milango. Watu wakatoka, hata wale ambao kwa miezi hawakuwa wakisalimiana, wakaizunguka teksi na kuinyanyua kwa mikono. "Kumbe tuko wengi hivi," akasema yule mama, akijifuta vumbi.

Binti yangu alizaliwa salama. Tuliporudi kutoka hospitali, majirani walikuwa wamelaza magogo juu ya shimo na kuyafunika kwa mawe na udongo, na teksi ikapita bila hata kutikisika. Mama wa ndagala alikuwa anatungoja getini. Alikuwa ameokota kile kitambaa mtaroni, akakifua, akamfunga nacho mtoto mbele ya mtaa mzima, kisha majirani wakaanza kupokezana kumbeba. Kilinuka ndagala.