Kitako cha Mukula na Mapacha Wasiozaliwa

Nianze kwa kukiri, maana nisiposema mimi watasema mashemeji zangu, na wao wakisimulia wanatia chumvi mpaka chakula hakiliki: ndiyo, mimi ndiye yule mtu aliyeingia kwenye sherehe ya baba mkwe wake kule Kasungami akiwa mwekundu uso mzima, na kabla hata sahani hazijagawiwa nilikuwa nimeshafanywa baba wa mapacha ambao hawapo. Wanaotaka kucheka wacheke. Mimi bado sijafika hapo.

Yote yalitokana na kipande cha mbao. Baba mkwe wangu, Papa Mathieu, mstaafu wa reli, ana bunduki ya kiaskari ya wakati wa Wabelgiji aliyoachiwa na baba yake (karatasi zake zote ziko sawa, nalisema mapema kwa sababu najua midomo yenu). Mwaka huu goti lake lilikataa pori. Akaniita mimi, si Fidele mwanawe wa kwanza, mimi mkwe, mgeni wa Kasai katika Katanga yao, ninayeuza vipuri vya friji, akaniambia niichukue nikamtafutie nyama ya jubilei ya ndoa yake, na nikirudi vizuri ataona kama ibaki kwangu. Sasa mjue kwamba katika familia ile kuna watu ambao tangu nimuoe binti yao, Mado, wakinisalimu wanaangalia pembeni kama wanaosubiri basi. Bunduki ile kwangu haikuwa chuma tu. Ilikuwa ni mzee kusema mbele ya wote kwamba huyu naye ni wa nyumba hii, na niliitaka, sifichi, niliitaka sana.

Chuma chake kilikuwa kizima. Shida ilikuwa kitako, yaani ile mbao yote inayobeba chuma na kukaa begani: kilikuwa kimepasuka shingoni, na mzee alikifunga waya, na juu ya waya akazungusha mpira wa ndani wa baiskeli. Kilikuwa kinafanya kazi. Naomba mlishike hilo, kilikuwa kinafanya kazi, na mzee mwenyewe aliniambia, "Wee, uende nayo vile iko. Ile mupira ilionaka nyama mingi kuliko weye." Nikasema ndiyo Papa. Kisha nikafika kwangu Makomeno, nikailaza juu ya meza, nikaitazama, nikaona haya. Ningepitaje mbele ya wawindaji wengine na bunduki iliyofungwa bandeji kama mguu uliovunjika? Nikaamua, peke yangu, bila kuulizwa na mtu, kumbadilishia mzee kitako iwe zawadi ya kumshangaza.

Ningeweza kuchagua vizuri, ndiyo maana naudhika mpaka leo. Fundi mmoja wa bunduki alinionyesha kitako cha zamani kilichotoka kwenye bunduki nyingine ya aina ileile, iliyokufa. Kilikuwa cheusi kwa mikono ya watu, kimejaa mikwaruzo, ila kiliingia bila kusukumwa. Nikakikataa kwa sababu kilikuwa kibaya. Kulikuwa na kingine cha plastiki nyeusi kutoka upande wa Zambia, chepesi, hakijui mvua, lakini jamani, nani hapa kwetu atafika kwenye kizuizi cha barabarani na kitu cheusi kama kile, aanze kuwaeleza askari kwamba anafuata swala? Hicho nacho nikakiacha, na hapo walau nilikuwa na akili.

Nikaenda Kamalondo kwa fundi Ilunga, muminizie, yaani seremala, wa makochi na majeneza. Alikuwa na mbao mbili. Moja mulombwa, iliyotolewa kwenye kabati la mtu, kavu, imepauka, ukiigonga inalia. Nyingine mukula, imetoka porini juzi, nyekundu kama mafuta ya mawese, nzito, inang'aa kabla hata ya kupigwa msasa. Nikaweka mkono juu ya ile nyekundu na mkono haukutaka kuondoka.

"Ile iko mubichi?" nikamuuliza.

"Mubichi kidogo tu, patron," akasema. "Lakini nitatia vernis. Vernis itaikausha."

Mtu mzima, niliyesoma, mwenye duka, nikakubali kwamba rangi ya juu inakausha mti kwa ndani. Na Ilunga naye alikubali maneno yake mwenyewe, sikuona hata dalili ya uongo usoni pake, tulikuwa wajinga wawili tuliofurahiana. Alichonga vizuri, hilo simnyimi. Siku ya kuichukua watu wa mtaa walitoka kutazama, na mimi nikairudisha nyumbani pole pole kwa miguu ili waiangalie vizuri.

Tulitoka Jumamosi, mimi na Fidele, na gari lake, upande wa barabara ya Kasenga. Ulikuwa mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua ambalo hata mbwa anatembea kivulini. Mikono ikaanza kutoa jasho, na kitako nacho kikaanza kutoa jasho lake, na vernis ya Ilunga ikawa inanata kama ndizi iliyoiva. Swala akatokea, amenipa ubavu wote, ananitazama. Nikalaza shavu kwenye mbao, nikapiga, risasi ikaenda zake upande wa kushoto. Mwingine, vilevile. (Baadaye niliambiwa kwamba mbao mbichi ilikuwa inajikunja na kusukuma chuma, lakini siku ile nilidhani nimerogwa.) Kila nikilenga nilibandua shavu kwenye kitako kama unavyobandua plasta, na Fidele kila mara alikohoa tu. Tukalala porini, asubuhi nikajaribu tena, patupu, na ilipofika saa ya kurudi hatukuwa na hata sungura.

Njiani tukasimama kwenye kisima cha pampu ninawe, maana nilihisi shavu linavuta. Nikaona viganja vyangu ni vyekundu. Nikachukua sabuni, nikasugua mikono, kisha nikasugua uso kwa mikono ileile, na povu. Kumbe mukula na sabuni ni marafiki. Wekundu uliokuwa shavu moja ukatembea mpaka paji la uso, shingo, masikio. Kioo sikuwa nacho, nikajifuta nikadhani nimetakata, nikavaa shati langu jeupe la sherehe. Fidele alinitazama, akawasha gari. Mtu alinitazama usoni, akawasha gari, akaendesha mpaka Kasungami akiongea habari za mpira. Nilipomuuliza siku nyingine kwa nini hakuniambia, alijibu, "Bofrere," yaani shemeji, "nilizania ni mambo ya kwenu."

Hapo lazima niwaeleze jambo moja. Katika nyumba ile ya baba mkwe, mwanamke akizaa mapacha, ndugu huwapaka wazazi unga mwekundu unaotoka ndani ya mti huohuo wa mukula, na mweupe juu yake, na wanawake huwaimbia nyimbo za matusi. Matusi hasa, ya kitandani, mbele ya mtu yeyote, na baba wa mapacha, Shampasa, hana ruhusa ya kukasirika, kwa sababu akikasirika mapacha wanachukia na kurudi walikotoka. Na Mado wangu alikuwa na mimba kubwa. Na asubuhi ile kabla ya misa ya jubilei aliwapigia shangazi zake kwamba anapita kwanza maternité, hospitali ya wazazi, wampime, atakuja baadaye. Na baada ya hapo simu yake ikazima, kwa sababu kwetu Makomeno umeme ulikatika tangu juzi.

Basi mimi nikashuka garini, mikono mitupu, nikifikiria namna ya kumwambia mzee kwamba nyama hakuna. Tantine Béa, dada yake Papa Mathieu, alikuwa wa kwanza kuniona. Aliweka chini beseni la bukari, yaani ugali.

"Bamama, angalieni," akasema, wala si kwa sauti kubwa. "Mado amezala mapasa."

Sikuwahi kufungua mdomo. Vigelegele vilitoka jikoni, vikatoka nyuma ya nyumba, wanawake wakanizunguka, na kwa kuwa hawakuwa na ule unga mweupe wa kimila mtu akachota unga wa bukari nikapakwa usoni, juu ya wekundu, na nyimbo zikaanza. Sitaziandika. Waliimba habari za mwili wangu na mambo ambayo hata daktari hajawahi kuniuliza, na padri ameketi pale, anatazama sahani yake tupu kwa bidii. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima sijawahi kumtazama machoni tangu nioe, alikuwa anapiga makofi na anayajua maneno yote.

"Tantine, hapana mapasa," nikasema. "Hii ni mbao."

"Shampasa anakana!" wakaitikia, na hicho kikawa kiitikio cha wimbo.

Nikikana, wanaimba. Nikinyamaza, wanaimba kwa nini nimenyamaza. Nikikunja uso, Tantine Béa ananikanya, "Usikasirike, utaua batoto." Niambieni nyinyi, mtu anajitoa vipi katika jambo kama hilo? Nilizunguka na unga machoni, nimeshika bunduki nyekundu, natafuta mtu mmoja tu mwenye akili timamu.

Nikamwona Papa Mathieu anasimama. Alikuja kwa fimbo yake, goti linamuuma, na machozi yanamtoka waziwazi bila kuyafuta. Nyimbo zikakatika. Akaweka mkono juu ya bega langu, mkono ambao haujawahi kukaa pale, akasema, "Bantu bote basikie. Nyama hakuleta, lakini alileta bantu babili. Ile bunduki ni yake sasa. Haitarudia kwangu."

Mnaona nilipofikishwa. Kile nilichokuwa nakitaka kimewekwa mkononi mwangu mbele ya wote, mbele ya wale wanaoangalia pembeni, na kimewekwa kwa uongo ambao si wangu. Nikavuta pumzi niseme ukweli. Naapa nilikuwa naufungulia mdomo. Ila mzee akaendelea, "Mukubwa eko Kyungu, mudogo eko Kabange."

Hayo ndiyo majina ya mapacha ya kwao. Kwetu Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Na mimi, sijui ni jua, sijui ni njaa, sijui ni yale matusi yote niliyomeza, nilisikia damu imenipanda kichwani.

"Hapana, Papa," nikasema kwa sauti iliyomfanya hata padri ainue kichwa. "Batoto ni ya baba. Bataitwa Mbuyi na Kabanga."

Fidele akasema haiwezekani, wamezaliwa Katanga. Nikamjibu wamezaliwa na mimi. Tukabishana, nawaambia kweli, tukabishana kwa vidole, juu ya majina ya watoto wawili ambao mmoja wao hayupo na mwingine bado yuko tumboni, na katika kubishana nikasema mpaka nani atawabatiza.

Ndipo pikipiki ikasimama getini. Mado akashuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni, tumbo lake mbele yake, palepale lilipokuwa jana. Akatazama wanawake, akatazama unga, akanitazama mimi.

"Nani alikufanya hivi?" akaniuliza.

Tantine Béa alianza kukunja kitenge chake taratibu, kama mtu aliyekumbuka kazi. Mzee alilitazama tumbo la binti yake, kisha akanigeukia, na nilitamani anitukane, matusi nilishayazoea.

"Mado eko na mimba," akasema. "Miye nilizania, na hawa bamama balizania. Hatukujua. Lakini weye ulijua. Na ulibapa majina."

Akanyoosha mkono. Nikampa bunduki. Akaigeuza, akaona kitako kipya, akapitisha kidole, kidole kikatoka chekundu, akakifuta kwenye mkono wa shati langu bila hasira yoyote. Kisha akampa Fidele aiingize ndani, na akaomba chakula kigawiwe, kuku na mboga tu, kwa sababu nyama ya porini haikuwepo. Nilikula nikiwa mweupe na mwekundu, kwenye kiti cha mwisho, na hakuna aliyeangalia pembeni siku ile. Wote walinitazama usoni.

Rangi ilikaa karibu wiki nzima. Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, mmoja, msichana, mzima kabisa, na hospitalini Tantine Béa aliinua blanketi upande wa pili, eti anahakikisha. Bunduki iko kwa Fidele. Nasikia amekitoa kitako changu, amepata kile cheusi chenye mikwaruzo nilichokikataa, na nasikia pia kwamba anarudi na nyama. Mimi nimeapa mambo mawili na nitayashika mpaka nizikwe: kitu cha mtu nikipewa na waya wake na mpira wake nitakibeba hivyohivyo bila kukirembesha, na mtu akinisifia kwa jambo nisilolifanya nitamkatiza kabla hajafika kwenye majina. Hilo la pili nilimwambia mzee mwenyewe, nilipompelekea mtoto amwone. Alimpakata, akamwita Kabange, lile jina la pacha mdogo alilolitaja siku ile, na safari hii sikubisha.