Nyumba Tuliyoilinda Area 49

Wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, tukiwa wakimbizi, papa, baba yetu, alipata kazi ya kulinda nyumba iliyokuwa bado haijawa nyumba. Ilikuwa Area 49, Lilongwe: kuta zimepita madirisha, bati hakuna, milango hakuna. Huko kwetu Uvira papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kambini Dzaleka hakuwa na wa kumfundisha isipokuwa sisi wanawe watatu. Muumini mwenzake wa kanisani alimwambia kuna mtu anajenga mjini, anatafuta familia tulivu ikae pale ili simenti isiibwe. Tukafunga magodoro na sufuria, tukaenda.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Asubuhi ukungu uliingia mle ndani bila kuuliza mtu, ukazunguka chumba hadi chumba, na mama akatokea katikati yake na ndoo ya maji, miguu haionekani. Kazi yake ilikuwa kumwagilia kuta na sakafu zisipasuke. Alizimwagilia polepole, jinsi alivyomwagilia mboga zake huko nyumbani.

Siku ya kwanza mama alituzungusha. Alisimama penye uwazi mkubwa wa dirisha, mahali pa sebule, akasema, "Hapa njo salon. Batu bakija, batakaa upande huu, baone miti."

Kiti hakikuwapo, na miti haikuwapo. Kulikuwa na nyasi ndefu na misingi ya nyumba za jirani iliyochimbwa ikaachwa. Lakini tulitazama alikoonyesha, na miti tuliiona.

Kisha akatugawia vyumba, kila mtoto chake. Kule kambini tulilala nyuma ya pazia moja. Nikigeuka mimi, dada yangu naye lazima ageuke. Sasa nilikuwa na chumba kikubwa mpaka sauti yangu ilinirudia. Mchana nililala chali sakafuni nikatazama mawingu yakipita pale ambapo dari ingekuja kuwa. Wingu likitoka kwangu, nilimwita dada yangu nikamwambia linakuja kwake. Alilingoja, halafu akajibu kwamba limefika.

Hata hivyo vyumba vile vilitushinda. Haikupita wiki, mdogo wetu wa kiume akahamia kwa dada, dada na yeye wakahamia kwangu, na mwishowe sote, wazazi pia, tukawa tunalala kwenye koridoo, mahali pembamba kuliko pote. Papa alicheka sana. Alisema Mungu ametupa vyumba vinne na sisi tumechagua njia ya kupitia.

Mvua zilipokaribia, mafundi walikuja na mbao na bati. Walipomaliza, nyumba iliingia giza na sauti zetu zikabadilika. Nilikaa katikati ya chumba changu nikahisi mtu mwingine ameshaanza kuishi humo.

Siku chache baadaye mke wa mwenye nyumba akaja kuona. Mama alitoka kumpokea mlangoni, akamkaribisha ndani, akatandika kitenge juu ya mfuko wa simenti ili aketi. Yule mama wa Kimalawi alisita, akamtazama, kisha akaketi. "Zikomo," akashukuru. Alikula sombe yetu ya majani ya muhogo na nsima, ugali wa kwao, na mama akampitisha chumba kwa chumba akimwonyesha kwa mikono jua linakoingilia, huku papa akitafsiri kwa Kichewa chake cha sokoni. Nadhani mama alisahau nani ni mgeni. Mgeni naye hakumkumbusha.

Kabla ya kuondoka alituambia kwamba nyuma, karibu na ua, kutajengwa vyumba viwili vidogo vya wafanyakazi. Tungeweza kubaki huko: papa alinde, mama asaidie jikoni. Uso wa papa ulilainika. Mama aliomba afikiri kwanza.

Jioni, mama akiosha sahani, papa alimuuliza amefikiri nini.

"Mi siwezi kuomba ruhusa ya kuingia mu salon yangu," alisema.

"Haikuwa yetu."

"Najua. Njo maana tuende."

Mama mwenyewe alimweleza mke wa mwenye nyumba, kwa Kichewa kidogo alichokuwa nacho, na yule mama hakukasirika. Aliwaambia mafundi watupe vipande vya bati na mbao vilivyobaki.

Dzaleka tulikuta mahali petu pamekaliwa na familia iliyotoka Fizi, huko huko kwetu. Walitupisha upande mmoja tukae mpaka tujenge. Papa alikanyaga udongo, sisi tukafyatua matofali, mama akapiga lipu kwa viganja. Redio ya jirani ilisema Uvira imetekwa tena na upande mwingine. Zamani mama angeacha kila kitu asikilize. Siku hiyo aliendelea kulainisha ukuta, na papa akamsogezea udongo.

Tulihamia kabla udongo haujakauka vizuri. Ukiegemea ukuta, ubaridi wake ulipita kwenye nguo mpaka mgongoni.