Mshale wa Mwisho Ubaoni

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, pale mtaani Kadutu, niliposimama mbele ya watoto wa mwaka wa tatu nikiwa na chaki mkononi, nikaogopa kugeuka na kutazama ubao nilioujaza mwenyewe. Mwanangu, kesho unaingia darasani kwa mara ya kwanza, na umeniomba nikuambie namna ya kuwafundisha wadogo kufikiri. Sina kitabu cha kukupa. Nina asubuhi ile tu, na kila nikiishika bado inaniunguza.

Nilikuwa kijana, nimeshuka mjini kutoka kijijini Luhwindja peke yangu, nimepanga chumba kimoja. Mji ulikuwa mikononi mwa askari wasiojulikana wataondoka lini, na watu walikuwa wameacha kutembeleana. Jirani alikusalimia huku akifunga mlango. Niliweza kumaliza Jumapili nzima bila kusikia jina langu. Mtu pekee aliyenijulia hali alikuwa Maman Murhula, aliyeuza miwa kwenye lango la shule. Kila mchana alinikatia kipande.

"Umeshinda aje, mwalimu? Kula. Chaki haishibishi mutu."

Nilikula, nikacheka, nikaenda zangu. Sikumuuliza yeye ameshindaje.

Siku moja, kwenye foleni ya bomba la maji, watu wakiwa kimya na bidoni zao tupu za kutekea, nikatia mzaha: "Maman Murhula hana shida. Anaongea na askari wa bariere ya barabarani kuliko mimi na wanafunzi wangu." Foleni nzima ikacheka. Mwanangu, miezi ilikuwa imepita sijamchekesha mtu. Nilipanda kilima na bidoni yangu, nikaiona nyepesi.

Wiki iliyofuata mzaha ule ukaingia darasani kwangu kwa midomo ya watoto, umeota meno: Maman Murhula anawapa askari majina ya watu. Sikuutambua. Ulikuwa mtoto wangu mwenyewe, nami nikampokea kama mgeni. Nikawakataza watoto kununua miwa yake. Nabintu, msichana wa miaka minane, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, akainua kidole.

"Mwalimu, nani aliona?"

"Lisemwalo lipo," nikajibu. "Kama halipo, linakuja."

"Lakini nani aliona?"

Nikampigisha magoti karibu na mlango hadi kengele ikalia.

Kesho yake lango lilikuwa tupu. Watu walikuwa wamemrushia mawe nyumbani kwake, mchana kweupe, naye akaondoka na beseni lake kichwani. Pale alipozoea kukaa palibaki maganda ya miwa na nzi.

Papa Direkta, mzee aliyeongoza shule yetu, hakunigombeza. Aliingia darasani, akakaa kwenye benchi la watoto, magoti karibu yamguse kidevu, akawauliza tumesoma nini. Mto Ruzizi, wakasema. Unaanzia wapi? Ziwani. Mnajuaje? Walikuwa wamekwenda Nguba, ukingoni mwa ziwa, pamoja nami, wakaona maji yanapotoka.

"Basi tupande vile vile mpaka chanzo cha hii maneno ya Maman Murhula," akasema. "Kila mutu aulize kwao mambo mbili tu. Ulisikia kwa nani? Na huyo aliona? Musigombane na mutu. Mulete majibu hapa."

Wakaleta. Niliandika majina ubaoni, na kila mtoto akaja kuchora mshale wake. Shangazi alisikia kwa fundi cherehani. Fundi alisikia kwa muuza makaa. Muuza makaa alisikia bombani. Kwa swali la pili jibu lilikuwa moja, toka mtoto wa kwanza hadi wa mwisho: hapana, hakuona. Mishale yote ikakutana bombani.

"Na ku robine, pale bombani, nani alianza?" Papa Direkta akauliza.

Nabintu akatazama miguu yake.

"Maman yangu anasema ni wewe, mwalimu. Ulisema, watu wakacheka."

Mshale wa mwisho niliuchora mwenyewe, na chaki ikanikatikia.

"Na pale ku bariere," mzee akamuuliza mtoto polepole, "Maman Murhula alikuwa anatafuta nini?"

"Alikuwa anauliza kama waliona Murhula, kijana yake. Alipotea. Mimi nilimuuliza, akaniambia."

"Mbona hukuniambia?" nikasema.

"Ulinipigisha magoti."

Watoto walipotoka, Papa Direkta alibaki mlangoni. "Kila siku ulimwita Maman Murhula," akasema. "Hata siku moja hukujiuliza Murhula ni nani?"

Nilitembea hadi Nyantende, kwa dada yake Maman Murhula. Akanijibu bila kufungua mlango: amepita, amekwenda kumtafuta mwanawe upande wa Kavumu. Nikaenda Kavumu. Nilikwenda mara nyingi, hata baada ya vita, sikumwona. Maji yakimwagika hayazoleki. Wauza miwa wapo mpaka leo, nami hununua kwao, nikisubiri sauti moja iniulize nimeshindaje.

Basi, mwanangu, kawafundishe watoto barabara zao, soko lao, mito yao, na majirani zao pia. Wape chaki mikononi. Wafuatilie kila neno hadi linapotoka, kisha waulize nani aliona. Hata methali ya wazee waiulize, maana mimi nilijificha nyuma ya moja. Mtoto akiinua kidole, usimtazame kama mkaidi. Huenda anakushika mkono ukingoni mwa shimo. Na mishale ikielekea kwako, chora.

Nenda na amani. Mungu akupe Nabintu katika kila darasa, na akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Na ukipita langoni kesho, aliyeketi pale umuulize ameshindaje, kisha usimame usubiri jibu.