Karatasi Ndani ya Ukosi

Mtaa mzima wa Biryogo ulimjua Mukabalisa kwa mkasi wake na kwa ulimi wake, na sijui kipi kilikuwa kikali zaidi. Siku za kawaida alishona nguo kibarazani. Ijumaa alisomesha darsa ya akina mama, na huko adui yake mkubwa alikuwa hirizi. Ushirikina mtupu, alisema. Siku moja aliiona hirizi mkononi mwa mtoto wa jirani yake Kaliza, akaikata palepale, wanawake wote wakitazama. Kaliza alimbeba mwanawe akaondoka, na darsani hakurudi tena.

Wasilolijua wanawake wale ni kwamba mwaka uliotangulia, Mukabalisa mwenyewe, mwanawe Kaze alipopata kazi ya upishi melini, alikwenda kwa mzee mmoja wa Nyamirambo akaandikiwa karatasi. Aliishonea ndani ya ukosi wa koti la kijana, wala kijana hakuambiwa. Elimu alikuwa nayo, lakini woga wa mama uliizidi nguvu.

Mwaka 1992 maharamia waliivamia meli ile upande wa Asia, mbali na maji ya nchi yoyote. Waliwatosa baharini mabaharia wanne, Kaze akiwa mmoja wao. Miili haikuonekana. Mukabalisa akakataa katakata kuweka matanga: hajaona maiti, hana msiba.

Mwaka uliofuata aliitwa wizarani, Kacyiru, aje na mtu wa kumshuhudia. Alikwenda na Mwalimu Sadiki, mkuu wa madrasa. Karani, jina lake Révérien, aliwawekea mezani picha ya koti la buluu. Mmoja wa watuhumiwa wa uharamia ule alikamatwa amelivaa. Révérien akaeleza kwamba meli haikuwa ya nchi iliyowakamata wala waliouawa hawakuwa raia wake, lakini sheria ya mataifa inairuhusu nchi yoyote kumhukumu haramia iliyemkamata katika bahari kuu. Kilichopungua ni ushahidi kwamba koti ni la Kaze. Vitu vingine vyote vilikuwa vimetupwa majini, na koti lenyewe, watuhumiwa walidai, walilinunua sokoni.

Mukabalisa alisema kifungo cha tatu hakifanani na wenzake, alikibadilisha yeye. Révérien akatikisa kichwa.

"Kifungo kinaonekana kwa picha, mama. Avoka wao, yule wakili, atasema umekiona hapa. Leta alama yenye haionekani. Bahasha ya ushahidi inaondoka saa sita. Ikikosa ndege ya leo, wale watu wanafunguliwa."

Saa ya ukutani ilikuwa tano na nusu. Mukabalisa aliomba Mwalimu atoke kidogo. Haiwezekani, akajibiwa, shahidi lazima asikie kila neno analotia sahihi. Mwalimu aliendelea kuhesabu tasbihi yake. Akinyamaza, waliomtosa mwanawe wataondoka wakicheka. Akisema, atamtazamaje tena mtu Biryogo? Ikafika sita kasoro dakika kumi. Révérien akaanza kufunga kalamu yake.

"Wafumue ukosi," Mukabalisa alisema. "Ndani kuna karatasi. Niliishona mimi."

"Karatasi gani?" Mwalimu aliuliza.

"Hirizi, Mwalimu. Imeandikwa Kaze, mwana wa Mukabalisa."

Mwalimu alimtazama mpaka Mukabalisa akainamisha macho. Kisha Mwalimu akatia sahihi. Ijumaa ile darsa ilipewa mwingine, na maneno yakaenea hadi kwa wauza mkaa.

Majibu yalichukua miezi miwili. Ukosi ulikuwa umefumuliwa mbele ya hakimu. Wino ulivuja kidogo kwa maji ya chumvi, lakini majina yote mawili yalisomeka, na wale wanaume wakahukumiwa. Révérien alimsomea barua akidhani anampa habari njema. Mukabalisa alimshukuru, akarudi nyumbani, akaifunika cherehani kwa kitambaa. Koti lilikuwa la Kaze kweli, na sasa hakuwa tena na pa kukikimbia kifo cha mwanawe. Akasema matanga yawekwe.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kaliza, mtoto mgongoni. Mukabalisa aliushika ule mkono mdogo alioukatia hirizi, ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu meli ivamiwe.

"Nisamehe," alimwambia Kaliza. "Nami niliogopa kama wewe."