Mafuta ya Mawese mu Kinga ya Baba

Juma yenye imepita, moto, ile pikipiki yenye ilikuwa inanipeleka Kapata, ilitoboka pine karibu na soko. Kijana mwenye kuiendesha akaisukuma mpaka chini ya bashi moja ya bluu, turubai ya kuzuia jua, na mwenye alitoka mule na funguo mukononi ni binti, miaka pengine ishirini, suruali nyeusi ya mafuta, nywele amefunga na kitambaa. Banaume banne balikuwa bameketi banamungojea, banaume bazima na ndevu yabo, na kila mumoja anamuita "maître", ni kusema fundi mukubwa. Rafiki yangu, mi niko muzee, meno yangu imebaki ya kuhesabu, lakini nilisimama pale na mukoba yangu, wivu ikanishika. Binti akaniambia, "Mama, keti, ni dakika kumi tu." Sikuketi. Nilimuangalia bidole. Alipaka kole, ile gundi ya mpira, akaipuliza, akangoja ikauke bila haraka.

Ju mi pia, usicheke, nilikuwa mekanisye. Mekanisye ya kinga. Kinga njo baiskeli, kama hukai huku kwetu hutajua. Ilikuwa wakati ya Zaïre, tulikuwa tunaitana sitwayen na sitwayene, ni kusema raia, baba yangu alikuwa na abakosti moja ya kahawia, ile koti ya kuvaa bila kravati, yenye aliivaa ku kanisa tu, na Kapata ilikuwa manyumba ya kampuni, mistari mistari, zote sawa sawa, mulevi alikuwa anaweza kuingia kwa jirani na kuvua biatu mbele ya kujua si kwake. Hiyo ilitokea. Mulevi mwenyewe alikuwa mwalimu yangu ya mwaka ya pili, na ilikuwa mwaka yangu ya mwisho ku masomo pia, lakini hiyo ni habari ingine, tuiache.

Baba alikuwa anafanya kazi ku shimo ya madini, ku mashini ya kutoboa mawe. Mukono yake ya kuume ilikuwa na bidole tatu tu. Mbili ilibaki chini ya chuma mbele mi nizaliwe. Na bidole tatu alikuwa anaendesha mashini muzuri kuliko benye kuwa na tano, kila mutu alisema vile. Lakini zile bili, zile bichuma bidogo bya mviringo byenye kuzunguka ndani ya gurudumu, hakuweza kuzishika. Zilimuponyoka kama mahindi. Mama alikuwa na mimba kila wakati na hakutaka kusikia habari ya kinga. Basi baba akaniangalia mi, mutoto ya kwanza, mukono ndogo, akasema, "Mama, leta bidole byako." Alikuwa ananiita mama, ju nilipewa jina ya mama yake.

Toka ile siku, kila posho, ni kusema Jumamosi, saa nane, kinga ilipinduliwa nyuma ya nyumba, magurudumu juu, na mi nikapiga magoti. Ilikuwa kinga nzito, nyeusi, ya wakati ya bazungu, haina vitesi, zile gia, pine yake nene kama mukono ya mupika bukari, ugali yetu. Nilikuwa natoa shambreri, mpira ya ndani ya pine, naitia mu beseni ya maji, naangalia penye mapofu inatoka. Tulikuwa tunatengeneza kikwaruzo na kopo ya sardini yenye kutobolewa na musumari, nakwaruza mpira, napaka kole, naweka kipande ya shambreri ya zamani. Mpira ya fre, ile breki, nilikata mu pine kuukuu ya kamio, lori, na kisu ya mama ya sombe, yale majani ya muhogo ya kupika na mawese, na mama alinipiga ju ya ile kisu mara ngapi sijui. Baba alikuwa anaketi ku kiti ndogo, anakula karanga, ananitupia moja moja mu kinywa ju mikono yangu ilikuwa michafu. Kwa kweli sikumbuki utamu ingine kama ile.

Mwenye alinifundisha ni jirani ya nyumba ya tatu, Mungwana moja ya kutoka Kasongo, muchuruzi ya pyesi ya kinga, vipuri, mu soko. Alikuwa anasali mara tano, na kati ya sala na sala alikuwa anatukana pyesi yenye kutoka inchi sijui gani kwamba haina ubora. Yeye njo alinipa kopo moja ya mafuta ya mashini, ndogo, na mudomo murefu kama ya ndege, ju nilikuwa namuchotea maji. Akaniambia, "Binti yangu, shika hii neno: kinga inakula mafuta ya mashini. Haikuli sombe." Nilicheka siku mbili.

Basi bakanje kubwa moja, likizo ya masomo, mu ile baridi ya mwezi ya saba yenye inafanya batoto bapumue moshi, mutoto ya shangazi akafika kutoka Lubumbashi. Kijana ya sekondere, miaka kumi na sita, murefu, anasema Kifaransa hata na mbuzi. Na alifika na kinga. We! Nyekundu, vitesi tano, usukani ya kupinda kama pembe ya kondoo, pine nyembamba kama nyoka, taa mbele na nyuma. Kapata yote ilikuja kuiona. Batoto balikuwa banaomba kugusa kengele tu. Mi, kinga ya baba nilikuwa napanda kwa kupitisha muguu katikati ya chuma, nimepinda kama kamba, na bilaya, nguo yangu, ilikuwa inanaswa mu sheni. Na yeye anapita, mugongo laini, anabadilisha vitesi, trak, trak, na baba anasimama ku mulango, na yaya kwetu njo kaka mukubwa: "Angalia yaya yako! Angalia vile anapanda ku kilima!"

Niliangalia. Nilikuwa na macho.

Nkambo, mama ya baba, mwenye kunipenda mi kuliko bote, Siku ya Mungu alichinja kuku akaweka firigisi mu sahani ya kijana. Nikasema, "Nkambo, na mi?" Akasema, "Firigisi ni ya mwanaume na mugeni, na huyu ni yote mbili. We kula shingo." Nilikula shingo. Mama akanivuta kando, akanong'ona, "Wivu inakutoka mu macho kama moshi. Funga macho."

Furaha yangu ilikuwa moja: zile pine nyembamba zilitoboka kila siku ku mawe ya Kapata. Nilikuwa nahesabu. Jumanne, mbili. Lakini hata kule alikuwa anaketi chini anaziba mwenyewe, anaimba, batoto kumi bamemuzunguka, na kinga ya baba mi nilikuwa naitengeneza peke yangu, na kuku moja tu, mwenye kunigeuzia mukia.

Sasa sikiliza muzuri, ju hapa njo penye dhambi yangu iko.

Baba alikuwa amechelewa kazi mara moja ile mwezi, ju ya sheni yenye ilikatika. Kapita, musimamizi ya kazi, akamuambia mbele ya bote: ukichelewa tena, mashini nampa mwingine, we unaenda ku mupao, ku beleshi ya kuchota mawe. Baba alitupatia ile habari mezani, anacheka cheka, lakini mukono yake ilikuwa chini ya meza. Mupao na bidole tatu! Hata mutoto alijua.

Posho ikafika. Nilikuwa nimeshapiga magoti. Baba akatoka, akasema, "Mama, leo pumzika. Yaya yako njo atafungua gurudumu ya nyuma. Anasoma mekanike ku masomo, anajua namna mupya." Kisha akamugeukia kijana na sauti yenye ilikuwa yangu: "Haya, sitwayen mekanisye!"

Nikasimama. Nikaingia mu nyumba, nikachukua kopo ya mafuta ya mashini, nikaificha ndani ya mufuko ya unga ya muhindi, chini kabisa.

Alifungua muzuri, siwezi kumunyima. Alisafisha na esansi, petroli, akapanga bili mu sahani, akafungua hata mule mwenye bijino, vile bidogo byenye binasimama kukamata gurudumu ukipiga pedali. Kisha akaita, "Mudogo yangu, mafuta ya mashini iko wapi?"

"Imekwisha, yaya."

"Yote?"

"Yote."

Akakuna kichwa. Kesho ni Siku ya Mungu, soko imefungwa, na Mungwana alikuwa amesafiri. Akaingia mu jikoni, akarudi na chupa ya mawese ya mama. Jua ilikuwa kali ile saa, mawese inateremka nyekundu, laini. Akaimwanga mule mwote, ndani ya bili, ndani ya bijino. Akazungusha gurudumu. Ilizunguka, ilizunguka, haina sauti. Baba akapiga mikono. "Unasikia? Hata mupya haikuwa vile!" Na mi nikaketi ku mulango nachambua muchele, na nilijua. Mutu yote mwenye kupika Kapata anajua mawese inafanya nini mu baridi. Lakini ilinijia kichwani kwamba itakwama kidogo tu, italia, baba atakasirika, atasema, "Mama, leta bidole byako." Njo hiyo tu nilitaka. Na ile mupao ya kapita? Nilikuwa najua ile pia. Niliisukuma nyuma, vile unasukuma paka na muguu.

Siku ya kazi, Jumatatu alfajiri, baridi ilikuwa inauma masikio. Niliamka kuwasha mbabula, jiko ya makala, nikaona chupa ya mama. Mawese ilikuwa imesimama, ngumu, kama sabuni. Nikasikia baba anatoa kinga. Nilikuwa na wakati, rafiki yangu, wakati ya kusema maneno matatu. Sikuyasema.

Alipanda, akapiga pedali, na pedali ikazunguka bure, haina uzito, kama mutu mwenye kukimbia mu ndoto. Bijino ilikuwa imelala mu mawese yenye kuganda, haikamate tena gurudumu. Akashuka, akapanda tena. Bure. Sirene ya kwanza ya kampuni ikalia. Baba alishika usukani akaanza kukimbia anaisukuma, koti inapiga piga, na mama mu mulango analia, "Iache! Iache, kimbia tu!"

Mutoto ya shangazi akatoka na kaputula tu. Aliona mara moja. Alirukia ile kinga yake nyekundu, akamufikia baba ku kona ya mwisho, na kutoka mbali nilimusikia, "Mujomba, chukua hii! Chukua!" Baba alikuwa hajawahi kupanda kinga ya vitesi. Aliondoka anayumba yumba kama mulevi, na kijana akarudi kwa miguu, kifua wazi, anatetemeka, anasukuma kinga ya baba.

Baba alifika. Sirene ya pili ilimukuta ndani ya mulango. Lakini njia ya shimo ni mawe, si njia ya pine nyembamba. Jioni alirudi amebeba ile kinga nyekundu ku bega. Gurudumu ya mbele ilikuwa imepinda kama nambari nane. Aliiweka chini polepole, kama mugonjwa. Kijana aliiangalia, akasema, "Mujomba, ni kosa yangu. Mi njo niliweka mawese."

Na Mungwana, mwenye alikuwa amerudi na amekuja kusalimia, akasema bila ubaya hata kidogo, "Mawese? Kwa nini mawese? Si nilimujazia binti kopo juma yenye imepita?"

Kijana akaniangalia. Akaelewa, niliona anaelewa. Akasema, "Ilikwisha, mujomba. Aliniambia mbele." Alinifunika, mbele ya batu bote, ile mugeni ya firigisi. Ningekuwa na furaha kama angenipiga.

Baba akanigeukia. Alinyoosha ile mukono ya bidole tatu. "Leta."

Nilienda, nikatia mukono mu unga mpaka ku kiwiko, nikaleta kopo, nyeupe yote. Aliipangusa ku suruali. Akamupa kijana. Bakatandika mukeka, bakapindua kinga ya baba. Kijana akageuka, akasogea kidogo ku mukeka, akapiga piga penye nafasi, akasema, "Mudogo, njoo. Bidole byangu ni binene, nitaangusha bili."

Sikuenda. Unajua kwa nini? Haikuwa haya. Ilikuwa wivu tu, ile ile, hata pale. Nilifikiri: kama si peke yangu, basi hapana. Nikaenda kuketi upande ingine ya nyumba, nyuma ya ukuta, na kule nikasikia bili zinaanguka mu sahani, ting, ting, na bote tatu banacheka, baba, kijana na Mungwana, na moja ikapotea mu majani bakaitafuta na taa ya ile kinga nyekundu.

Baba alifanya kazi ku ile mashini mpaka alichoka mwenyewe. Mutoto ya shangazi alirudi Lubumbashi juu ya kamio, gurudumu yake chini ya kwapa. Baba alikaa miezi mbili kisha akaniita tena, na nilitengeneza ile kinga mpaka nilipoolewa. Lakini kila mara nikimaliza, alikuwa anazungusha gurudumu mwenyewe, anasikiliza. Mbele ya ile mawese hakuwa anasikiliza.

Sasa bote tatu, baba, yaya na Mungwana, bamekwenda ku kaburi. Kinga Kapata ni ya kuhesabu, sirene haina, ile mistari ya manyumba imejengwa jengwa kati kati mpaka hata mutu ya akili anaweza kupotea. Na mi bado niko na wivu. Si ya vitesi tano, si ya firigisi. Ni wivu juu ya mutoto moja mwanamuke mwenye hakuwa pale, mwenye angeketi ku ule mukeka kati ya baba na yaya yake, mafuta mpaka ku kiwiko, anacheka nabo. Nafasi yake ilikuwa wazi ile jioni yote. Niliisikia kutoka nyuma ya ukuta.