Siku Mama Alipovua Trauti kwa Uzi wa Kofia

Sisi tuliokulia Sparkhill, huku ughaibuni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa na utoto, tena utoto wa haja, na asiniambie mtu kwamba tulikosa kitu kwa kuwa hatukukulia Unguja. Tulicheza rede kwenye uchochoro nyuma ya nyumba mpaka vidole vikafa ganzi, na tukiitwa kula tuliitika mara ya kwanza. Watoto wa siku hizi huitwa kwa ujumbe wa simu, nao wako chumba cha pili.

Mimi nilichokuwa nikikingoja mwaka mzima ni machipuko, msimu wa trauti unapofunguliwa. Baba alitupakia garini mara tu baada ya sala ya Alfajiri, tukashika njia ya Wales hadi ziwa lililo juu milimani. Trauti ni samaki wa maji matamu, ana madoa mekundu ubavuni na nyama laini isiyotaka moto mwingi. Salmoni naye alipanda mto ulio chini ya ziwa wakati wa kiangazi, lakini kibali chetu kilikuwa cha trauti tu.

Safari ya kwanza tulifanya kosa la watu wa pwani. Mama hakuwahi kuona samaki anayekataa chambo cha kamba, basi alinunua kamba wazuri dukani Stratford Road, akawatia chumvi na kuwafungia kwenye kopo la aiskrimu. Kopo la pili lilikuwa na maandazi. Tulipofika, mvua ya manyunyu ilikuwa ikitupiga usoni na kondoo wakitutazama kama wageni waharibifu. Mlinzi wa ziwa, mzee mwenye koti la kijani, alikagua karatasi zetu akazikuta sawa. Kisha akafunua kopo la kamba, akatikisa kichwa. Pale chambo kilichoruhusiwa ni manyoya tu, yaliyofungwa kwenye ndoana yakafanana na mdudu.

Wavuvi wawili waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akamwambia baba, kwa upole ule unaoudhi, kwamba huko bondeni kuna ngome ya kale, pengine familia ingefurahi zaidi kwenda kuitazama. Baba akaanza kufunga begi. Mimi, nakiri, nilitamani tuondoke upesi.

"Mum, please, they're looking at us," nilisema.

"Waache watazame, Salma. Wakichoka watageuka," mama akajibu. Kisha akamgeukia baba. "Weka chini begi hilo. Kibali tunacho. Ziwa hili si la babu yao."

Mama alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile zenye vitundu vya kudarizi, na popote alipokwenda alibeba kofia aliyokuwa akiidarizi. Alimwomba mlinzi amwoneshe chambo chake kimoja, akakigeuzageuza karibu na macho, akakirudisha. Akaokota unyoya wa bata ukingoni, akakaa juu ya jiwe, akatoa uzi wa kahawia. Vidole vile vilivyozoea kutoboa vitundu vidogo kuliko punje ya mchele vilifunga mdudu kwenye ndoana yetu kabla chai haijapoa. Ufito wa kuvulia alioazima baba kazini kwake ulikuwa hasa wa uvuvi ule wa manyoya, ila hatukujua.

Tulinasa nyasi. Tulinasa sweta la baba. Tukasali Adhuhuri kwenye turubali lililolowa, tukarudi kujaribu tena, na hatimaye mshipi ukakazika mkononi mwa mama. Alimvuta taratibu, midomo ikisoma dua, mpaka trauti akaja ukingoni akipigapiga mkia.

Yule mvuvi aliyetutajia ngome akasogea. Akasema hapa samaki hurudishwa majini. Mama akaniambia nimuulize mlinzi kama hiyo ni sheria. Mlinzi akakohoa, akasema la, ni mazoea yao tu. Kila mwenye kibali anaruhusiwa wawili.

"Mwambie bwana huyu," mama akasema, "mimi samaki simchezei. Nikimtoa majini, ni wa kuliwa."

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sauti kubwa, wala sikupunguza. Sijawahi kuona fahari kama ile. Jioni mama alimpika wa kupaka, na harufu ya tui ikatoka hadi barabarani.

Siku hizi magoti ya mama hayamruhusu kupanda mlima, na barabara ya kwenda ziwani bila sauti yake garini inanitia simanzi. Lakini kila machipuko nakwenda. Mwaka huu nilikwenda na mwanangu, ambaye haachi simu hata mvua inyeshe. Nilipomtoa trauti majini aliniomba nimshike vizuri, ampige picha, halafu tumwachie aende zake, kwani ndivyo wanavyofanya wenzake wote.

Nikamwambia samaki wa picha wamejaa kwenye simu yake. Huyu ni wa bibi yake.